Bastola Uliyo Nayo Inatosha: Jinsi ya Kuanza Mashindano ya Shabaha

Mwenye bastola ya leseni nchini Kenya huibeba kila siku, huisafisha anapokumbuka, na huifyatua kwa nadra. Wengi hawajui mkono wao utafanya nini mapigo ya moyo yakipanda. Mashindano ya shabaha hujibu swali hilo bila mtu kuumia. Lakini kila wakialikwa, utasikia: ngoja kwanza ninunue bastola ya mashindano. Mchagua jembe si mkulima. Hiyo iliyo kiunoni inatosha.

Chagua mchezo unaoifaa silaha yako

Kwa bastola ya kujilinda, mchezo ulio karibu nawe ni IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya silaha na vifaa ambavyo mtu hubeba kila siku. Nchini Kenya mchezo huu una wafuasi, na uwanja wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, ndio unaotajwa zaidi. Mshindani huvaa bastola chini ya koti au kizibao, husikia mlio wa saa ya mashindano, huichomoa, kisha hulenga shabaha za karibu, akijikinga nyuma ya ukuta au pipa. Kila zoezi la namna hiyo huitwa hatua, na hatua moja haizidi risasi 18.

Silaha hupangwa kwa madaraja. Glock 17 au 19 isiyorekebishwa huingia daraja la SSP, na magazini hujazwa kwa kikomo cha daraja tu hata kama ina nafasi zaidi. Bastola ya Ceska nayo huingia humo, mradi uanze nyundo ikiwa imelala. Kwa hiyo risasi ya kwanza itakuwa na kifyatulio kizito kuliko zinazofuata. Fanya mazoezi ya hiyo ya kwanza zaidi. Yenye kilengeo cha nukta nyekundu huwa na daraja lake, na rivolva pia.

Panga makaratasi kwanza

Cheti chako cha silaha kiwe hai, na idadi ya risasi unazobeba isizidi iliyoidhinishwa. Mwulize mwenyeji wa mashindano mapema: je, risasi hununuliwa uwanjani? Mgeni husajiliwa vipi? Njiani, bastola ikae ndani ya ala au mkoba. Kuionyesha kwenye kituo cha mafuta ni njia fupi ya kupoteza leseni.

Nunua vichache

Pesa uliyotaka kununulia bastola mpya igawe hivi:

- Ala ngumu ya kiunoni, upande wa mkono unaotumia, inayofunika kifyatulio chote na isiyojikunja bastola ikitoka. Za kwapani na za mguuni hazikubaliwi.
- Mkanda mgumu. Mkanda wa suruali ya ofisini hulegea, na ala huinuka pamoja na bastola.
- Magazini tatu, na mifuko ya kubebea mbili kati yake.
- Miwani ya kinga na kinga ya masikio.

Pesa inayobaki ni ya risasi na mwalimu.

Fanya mazoezi nyumbani bila risasi

Toa magazini. Kagua chemba kwa jicho, kisha kwa kidole. Peleka risasi zote chumba kingine na ufunge mlango. Elekeza mtutu kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi, wala si upande wa chumba cha watoto. Kisha chomoa taratibu mara 20, ukihakikisha kidole hakigusi kifyatulio mpaka macho yapate shabaha. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, na usirudie “mara moja tu” baada ya kujaza risasi. Mara moja hiyo ndiyo hutoboa kuta.

Ielewe hesabu

Alama za IDPA ni muda. Saa hurekodi sekunde hadi risasi yako ya mwisho, kisha makosa huongezwa. Ukipiga katikati ya kifua au ya kichwa, huongezewi kitu. Kila pointi unayopoteza ni sekunde 1: eneo linalofuata huongeza 1, la nje 3, na kukosa shabaha kabisa ni 5. Kumpiga “raia” wa karatasi ni sekunde 5 nyingine.

Chukua washindani wawili. Mmoja amemaliza kwa sekunde 14, akapoteza pointi 6: jumla 20. Mwingine ametumia sekunde 18, akapoteza pointi 1: jumla 19. Wa pili ndiye mshindi, ingawa watazamaji walimpigia makofi wa kwanza. Mgeni anayekimbilia kasi huwa anawalipia wenzake ushindi.

Siku yenyewe

Fika mapema, na mwambie msimamizi wa usalama kwamba hii ni mara yako ya kwanza. Usione haya, atakupanga nyuma ili utazame wengine. Uwanjani bastola zote ni tupu mpaka uamriwe kujaza yako. Ukitaka kurekebisha ala au bastola, nenda eneo la usalama, ambako hairuhusiwi kushika risasi hata moja.

Kuna makosa yanayokurudisha nyumbani papo hapo: kuangusha bastola, kuelekeza mtutu kwa mtu au kwako mwenyewe, na kufyatua pasipotakiwa. Hatari zaidi ni wakati wa kubadilisha magazini huku ukitembea, kwa sababu mwili hugeuka na mtutu hufuata. Kidole kikae nje, mtutu ubaki upande wa shabaha. Bastola ikiangushwa, usiidake wala usiiokote, msimamizi ataiokota.

Ukimaliza hatua, toa magazini, onyesha chemba tupu, na usubiri amri. Kisha saidia kubandika vipande vya karatasi kwenye matundu. Hapo ndipo utakapojifunza zaidi, maana wazoefu huongea wakibandika.

Jioni andika muda wako na pointi ulizopoteza katika kila hatua, kisha safisha bastola. Usijali umekuwa wa ngapi. Kama umemaliza hatua zote bila kuondolewa uwanjani, umefaulu. Mashindano yajayo, rudi na bastola ile ile.