Ukitaka kuwa beki wa kulipwa, na kwenu ni Vamizi

Kijana wa Vamizi, kisiwa cha mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, yuko karibu na Dar es Salaam kuliko Maputo, tena kwa tofauti kubwa. Maputo, makao ya shirikisho la soka la Msumbiji na ya klabu nyingi zenye fedha, iko mwisho mwingine wa nchi. Skauti hafiki kisiwani, na asiyefikiwa na skauti inambidi ajiandae mapema kuliko mwenzake wa mjini. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa mzazi na kocha wake.

Nawaambia wazi: mtoto wenu akiwa na mwili, akili ya mchezo na subira, mfundisheni ubeki. Winga asiyejulikana akifika miaka 22 huambiwa amechelewa. Beki huiva taratibu, kwa hiyo kuchelewa kuonekana hakumfungii mlango. Na Msumbiji imetoa mabeki wakubwa kwa muda mrefu. Hilário alicheza Sporting ya Lisbon tangu 1958 hadi 1973 na alikuwemo kwenye kikosi cha Ureno kilichoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 1966. Vicente wa Belenenses alikuwa kwenye kikosi hicho hicho. Abel Xavier alizaliwa Nampula, mkoa unaopakana na Cabo Delgado, akacheza PSV, Everton, Liverpool na Roma, kisha akaifundisha Mambas, timu ya taifa. Halafu wakaja Mexer na Reinildo.

Anzeni na uwanja. Mchanga mkavu wa juu ya pwani unakaza misuli, lakini haumfundishi beki kukaba. Mpira haudundi, na mshambuliaji anayekuja mbio anapunguzwa kasi na mchanga wenyewe. Mtoto akizoea hapo tu, siku atakayosimama kwenye nyasi atachelewa hatua mbili kila mara. Ngojeni maji yatoke. Siku za bamvua pwani huacha mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu, ambao mpira unadunda na kuteleza karibu na unavyofanya kwenye nyasi. Hapo ndipo pa kufanyia ukabaji. Mchanga mkavu uwe wa mbio na kuruka.

Zoezi la msingi ni mmoja kwa mmoja. Wekeni vifuu viwili vya nazi viwe goli, mwenzako aje na mpira kutoka mita 20. Usimkabili kwa kifua. Kaa ubavu, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, magoti yamekunjwa kidogo, umwachie upande mmoja tu, ule wa mguu wake dhaifu. Macho yawe kwenye mpira. Mabega na kiuno vya mshambuliaji vipo kwa ajili ya kukudanganya. Rudi nyuma kwa hatua fupi fupi, bila kuvuka miguu. Usitupe mguu kwa pupa. Atakapougusa mpira kidogo kwa nguvu, ukaachana na mguu wake kwa hatua moja, ndipo uingie, na uingie kweli. Vicente alijulikana kwa kumkaba Pelé kwa namna hii, kwa kusubiri na bila ubabe, na sifa yake imedumu hadi leo.

Mtoto wa mguu wa kushoto asibadilishwe. Makocha wa kila mahali wanatafuta beki wa kushoto, na wanaotumia mguu huo ni wachache. Halafu mfundisheni kupiga vichwa. Beki anayefunga kwa kona anaongeza thamani yake bila kubadilisha nafasi. Katika fainali ya Kombe la Ufaransa, Aprili 2019, Mexer ndiye aliyeisawazishia Rennes dhidi ya PSG, ikawa 2-2, na Rennes ikatwaa kombe kwa penalti.

Jambo la pili ni lugha. Kisiwani mnapangana kwa Kimwani au Kiswahili, lakini kwenye chumba cha kuvalia huko Pemba, mji mkuu wa mkoa, au Nampula, kocha anazungumza Kireno, na mkataba umeandikwa kwa Kireno. Beki ndiye anayeiona timu nzima iko mbele yake, kwa hiyo ndiye anayepaswa kupaza sauti. Beki bubu anaachwa benchi hata kama miguu yake ni mizuri. Shule usiiache. Ukiweza kusoma ukurasa wa mkataba mwenyewe, umeshajilinda na nusu ya matapeli.

La tatu ni karatasi, na hapa nasisitiza kwa sababu vijana wengi wa pwani yetu wanakwama hapa. Tangu vita vianze Mocímboa da Praia Oktoba 2017, familia nyingi zimekimbia na kuacha kila kitu, vyeti vikiwemo. Bila cheti cha kuzaliwa hupati kitambulisho, bila kitambulisho hupati pasipoti, na bila umri unaothibitika hakuna klabu makini itakayokusajili. Mzazi alishughulikie hili mtoto akiwa na miaka 10, asingoje 17. Na umri uandikwe ule wa kweli. Kupunguza miaka kunaonekana njia ya mkato leo, lakini siku ukweli utakapojulikana unafungiwa, na kazi yako inaishia hapo.

Sasa njia yenyewe. Mtazameni Reinildo Mandava. Amezaliwa Beira mwaka 1994, akakulia Ferroviário ya mji wake. Mwaka 2015 akaenda Ureno, Benfica B. Jina la Benfica ni kubwa, lakini hakufika timu ya wakubwa. Alitolewa kwa mkopo Fafe, kisha akaenda Sporting Covilhã, klabu za ligi ya chini katika miji midogo ambayo mashabiki wengi wa huku hawajawahi kuisikia. Baadaye akawa Belenenses SAD, na Januari 2019 Lille ya Ufaransa ikamchukua. Msimu wa 2020–21 Lille ikawa bingwa wa Ufaransa mbele ya PSG. Januari 2022 akasajiliwa Atlético Madrid, akiwa na miaka 28. Mwaka 2025 akahamia Sunderland ya Uingereza.

Someni safari hiyo vizuri. Miaka ya Fafe na Covilhã ndiyo iliyomfanya, kwa sababu huko alicheza. Kwa hiyo ukipewa nafasi mbili, klabu kubwa utakayokaa jukwaani na klabu ndogo utakayoanza kila wiki, chagua ndogo. Kwa kijana wa Cabo Delgado ndogo hiyo inaweza kuwa Baía de Pemba, ambayo imeshacheza Moçambola, ligi kuu ya Msumbiji. Inaweza pia kuwa klabu ya kusini mwa Tanzania, kama Namungo ya Ruangwa, Lindi, ambako lugha haitakusumbua. Ligi ya Tanzania inawafahamu Wamsumbiji: Luís Miquissone alitoka União Desportiva do Songo akaenda Simba mwaka 2020, baada ya Songo kuitoa Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019. Mabeki wa nchi jirani nao wamepita hapo. Joash Onyango aliingia Simba akitoka Gor Mahia ya Kenya.

Lakini usivuke mpaka kabla ya wakati. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Atakayekuja kumwambia mzazi kwamba kijana wa miaka 15 amepata timu Ureno, na kwamba zinatakiwa pesa za viza na majaribio, ni mwizi. Klabu inayokutaka ndiyo inayokugharamia. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na mkataba wa kukuwakilisha hauzidi miaka miwili. Mwombe jina lake kamili, ulihakiki kupitia shirikisho, na usimwachie pasipoti yako hata usiku mmoja.

Mkataba wa mchezaji, kwa kanuni za FIFA, hauzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Angalia mshahara umeandikwa kwa fedha gani na unalipwa tarehe ngapi, nani analipa nyumba na tiketi ya kurudi nyumbani, nani analipa matibabu ukiumia. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, iandikie barua ya madai na uipe walau siku 15. Zikipita bila malipo, una haki ya kuvunja mkataba. Weka nakala ya kila karatasi, na nyingine abaki nayo mzazi.

Kuumia kutakuja. Februari 2023 Reinildo alikatika kano la goti katika mechi ya Atlético na Real Madrid. Kano hilo linahitaji upasuaji na miezi mingi ya mazoezi ya taratibu, na klabu yenye madaktari ndiyo inayofanya mchezaji arudi. Januari 22, 2024, kabla mwaka haujatimia, alikuwa Abidjan na Mambas kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika za nyongeza akasawazisha dhidi ya Ghana, 2-2. Kijana wa kisiwani akiumia asikandwe na kurudishwa uwanjani wiki ile ile. Goti likivimba na kulegea, apelekwe hospitali ya Pemba.

Neno la mwisho ni la kocha wa kisiwani, kwa sababu huwa anasahaulika, naye ndiye aliyeanza kazi. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unaipa klabu robo ya asilimia moja ya ada nzima. Klabu iliyomlea misimu hiyo minne, mchezaji akiuzwa euro milioni 1, ina haki ya euro 10,000. Hizo ni mipira, jezi, na boti ya kwenda mechi za bara kwa miaka. Lakini zinalipwa kwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa. Kwa hiyo andikisheni klabu kwa chama cha soka cha mkoa, Pemba, na wachezaji wasajiliwe humo kila msimu. Wekeni daftari: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa, msimu alioanza, msimu aliotoka na klabu aliyokwenda. Anzeni na watoto wenye miaka 12 mwaka huu.