Somo la Sita: Bei ya Kiwanja Siyo Bei ya Makazi

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kukadiria gharama zote za kupata na kumiliki nyumba kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Familia nyingi zinazopanga vyumba Mbagala, Tandika au Mwananyamala huweka akiba kwa miaka mingi zikitarajia siku ya kuhamia kwao. Walio wengi hawanunui nyumba iliyokamilika. Hununua kiwanja pembezoni mwa jiji, kama vile Chamazi au Toangoma upande wa Temeke, Bunju au Mabwepande upande wa Kinondoni, kisha hujenga kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Utaratibu huu umewapatia makazi watu wengi ambao benki zisingewakopesha. Hata hivyo, wengi hupiga hesabu ya bei ya kiwanja peke yake, na akiba huisha wakati gharama ndiyo kwanza zimeanza.

1. Fahamu unachonunua

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo muuzaji hakuuzii ardhi yenyewe, bali haki ya kuitumia aliyonayo. Kama hana haki hiyo, nawe huna unachonunua, hata bei iwe nafuu namna gani.

Haki hiyo ina sura mbalimbali. Hatimiliki hutolewa kwa kipindi cha miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo ya mjini yaliyojengwa bila kupangwa, nayo ni ya muda usiozidi miaka 5, ingawa huweza kuhuishwa. Pale ambapo ardhi haijapimwa, mara nyingi kinachokuwapo ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi na viongozi wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fedha zilitolewa. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ujue jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Kwa kiwanja kisicho na hati, waulize majirani wa pande zote, kisha uende idara ya mipango miji ya manispaa ujue eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani. Ikiwa inauzwa nyumba ya wanandoa, hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi mwingine.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Kiwanja kikavu cha bei ya chini wakati wa kiangazi huweza kuwa njia ya maji wakati wa masika. Tunashauri ukakiangalie baada ya mvua kubwa.

2. Gharama za kuhamisha miliki

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya mauziano. Ongeza ada za wakili, mthamini na usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji humhusu muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata faida. Lakini bila kulipwa, uhamisho hukwama. Mkataba utamke wazi nani atalipa nini, na lini.

Mnunuzi huweza pia kuombwa asilimia 10 ya bei kwa jina la ofisi ya mtaa. Kabla ya kulipa, uliza ni sheria gani inayoruhusu malipo hayo, na udai stakabadhi ya serikali. Wasipokuonyesha sheria, usilipe.

3. Gharama za kujenga ukiwa bado mpangaji

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia moja inalipa kodi ya chumba shilingi 100,000 kwa mwezi na ina akiba ya shilingi 15,000,000. Inanunua kiwanja kwa shilingi 12,000,000. Ushuru wa stempu ni 120,000. Wakili, mthamini na mpima ardhi wanachukua 880,000. Zinabaki shilingi 2,000,000, nazo zinaishia kwenye msingi. Familia inakopa SACCOS ili isimamishe kuta, kwa marejesho ya shilingi 250,000 kila mwezi. Sasa inatoa 350,000 kwa mwezi, na bado inalala chumba kilekile. Kipato kikipungua, fundi ataondoka na pagale litabaki likinyeshewa, nondo zikipata kutu. Marejesho hayatasimama.

Kama ingechagua kiwanja cha shilingi 8,000,000, kwa gharama zilezile ingebakiwa na zaidi ya shilingi 6,000,000. Funzo ni hili: tenga kwanza fedha za kufikisha sehemu ndogo ya nyumba mahali pa kulalika, yaani chumba, choo na paa, ndipo ujue kiwanja cha bei gani unakimudu. Siku unapoacha kulipa kodi ya chumba, ndiyo siku fedha yako inaanza kujenga.

4. Mkopo wa nyumba

Mlaji anayekopa benki shilingi 50,000,000 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, atarejesha takriban shilingi 700,000 kila mwezi. Hadi mwisho atakuwa amelipa karibu shilingi 126,000,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 625,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa takriban shilingi 75,000 tu.

Kabla ya kusaini, dai jedwali la marejesho kwa maandishi. Uliza kama riba inaweza kubadilika, bima ni kiasi gani, na adhabu ya kuchelewa ni ipi. Kumbuka kwamba nyumba ndiyo dhamana. Marejesho yakishindikana, huweza kuuzwa.

5. Gharama zisizokwisha

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa mlaji anaponunua umeme wa LUKU. Mwenye hati hulipa pia kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kuna kuunganisha maji na umeme, kunyonya choo na kukarabati paa.

Gharama inayosahauliwa zaidi ni nauli. Watu wawili wakiongezewa shilingi 1,000 kwa kila safari, kwenda na kurudi, kwa siku 26, watatumia shilingi 104,000 zaidi kwa mwezi. Familia ya mfano wetu itakuwa imeepuka kodi ya shilingi 100,000 na kuilipa kwenye daladala.

Zoezi

Kaa na mwenzi wako au mtu unayemwamini, mjibu kwa maandishi:

(a) Nani anatambuliwa kuwa mmiliki, na tumethibitisha katika ofisi gani?
(b) Baada ya kulipia kiwanja na uhamisho, tutabakiwa na kiasi gani?
(c) Kiasi hicho kitatosha kujenga sehemu ya kulala?
(d) Tukihamia, nauli, maji na kodi zitakuwa kiasi gani kwa mwezi?
(e) Kipato kikikatika kwa miezi mitatu, tutarejesha mkopo kwa fedha ipi?

Swali lolote likikosa jibu, usitoe hata fedha ya kushikia kiwanja. Dalali atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache aje.