SOMO LA BIASHARA: Hesabu ya kupakia lori yaishinda kompyuta

MFANYABIASHARA wa mazao anayetoka Mbeya kwenda Iringa na lori la tani saba haumizi kichwa kuhusu njia. Igurusi, Makambako na Mafinga zimepangana kwenye barabara moja ya TANZAM. Kinachomsumbua ni shehena: achukue mzigo upi, auache upi.

Wengi huanza na mzigo wenye faida kubwa kwa kilo. Kanuni hiyo ni nzuri, ila huweza kugharimu. Chukua mfano wa maharage kilo 4,000, faida sh. 100 kwa kilo, na mafungu mawili, mchele wa Usangu na viazi, kilo 3,500 kila moja, faida sh. 90. Wenye mali hawauzi nusu. Anayeanza na maharage hubakiwa na nafasi ya kilo 3,000 isiyotosha fungu jingine, akaambulia sh. 400,000. Aliyechukua mchele na viazi hujaza lori na kupata sh. 630,000.

Mafungu matatu hayasumbui. Lakini kila fungu likiongezeka, idadi ya mipango huwa maradufu. Mafungu 20 yana mipango 1,048,576. Mafungu 30 yanapita bilioni moja. Kwa mafungu 60, kompyuta inayojaribu mipango bilioni moja kwa sekunde ingefanya kazi zaidi ya miaka 36.

Hapo ndipo wataalamu wa kompyuta huzungumzia NP. Swali "je, upo mpango wa tani saba unaoleta angalau sh. 600,000?" ni gumu kulijibu, lakini mtu akitoa mpango, karani huukagua mara moja kwa kujumlisha. Maswali yanayokaguliwa hivyo ndiyo NP, na yale magumu kuliko yote humo huitwa NP-kamili. Kuuliza "mpango bora kabisa ni upi?" ni NP-ngumu: si rahisi kuliko lile la kwanza, na hata jibu likiletwa, kujumlisha tu hakuthibitishi kwamba hakuna linalolizidi.

Stephen Cook ndiye aliyeonyesha swali NP-kamili mwaka 1971. Mwaka 1972 Richard Karp akataja 21, likiwemo la kupakia mzigo. Yamefungamana: atakayepata njia ya haraka kwa moja ameyapata yote. Taasisi ya hisabati ya Clay, Marekani, ilitangaza mwaka 2000 dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama njia hiyo ipo au haipo. Hakuna aliyezichukua.

Kwa hiyo muuza programu anayeahidi jibu bora papo hapo, kwa mzigo wowote na idadi yoyote, aulizwe maswali kabla ya kulipwa.

Hata hivyo lori la Mbeya si kesi mbaya. Likihesabiwa kwa magunia ya kilo 100, lina nafasi 70. Jedwali lenye mstari kwa kila fungu na safu kwa kila gunia, kila kisanduku kikibeba faida kubwa iliyowezekana hadi hapo, lina visanduku 2,100 tu kwa mafungu 30. Kompyuta ya kawaida hulimaliza kufumba na kufumbua. Karani mvumilivu, kwa siku moja au mbili. Ukipima kwa kilo badala ya magunia, visanduku hufika 210,000.

Sharti ni gunia liwe kilo 100 kweli. Lumbesa huvuruga jedwali lote, na mwenye lori huja kulijua hilo akiwa kwenye mizani.