SOMO: LORI LA PLASTIKI LAGEUKA BREKIDAUNI



Masika ya mwaka juzi lori la ndizi lilizama kwenye matope, barabara ya kupandia Nkoaranga. Tulilivuta kwa kamba wanaume kumi na wawili. Kamba ikakatika. Ncha yake ilirudi kama mjeledi, ikamvunja mkono mzee mmoja. Mimi, mwalimu wenu, ndiye niliyemwambia asimame pale.

Tangu siku ile nilitafuta njia ya kuonyesha jambo hili darasani bila kumuumiza mtu. Basi, katika mitumba ya soko la Kilombero, Arusha mjini, nikaona lori dogo la plastiki, la zamani, la kuunganishwa kwa gundi. Lilitengenezwa na kampuni ya Airfix ya Uingereza. Ni mfano wa Scammell Pioneer, lori la jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili (1939–1945). Tela lake la kubebea kifaru lilikwisha kupotea.

Scammell hizo zilikuwa za namna tatu: za kuvuta mizinga, za kubeba vifaru, na za kuokoa magari yaliyokwama au kuharibika. Hii ya tatu, watu wa gereji huiita brekidauni. Ndiyo tuliyoitaka.

Kwanza vipimo. Sentimita 1 ya mfano wetu ni sentimita 76 za lori lenyewe. Brekidauni ile ilikuwa na urefu wa kama mita 6, yaani sentimita 600. Gawanya kwa 76, unapata karibu 8. Ni kama kidole cha kati!

Kichwa cha lori la vifaru ni kirefu, maana kilibeba watu wengi. Tulikikata nyuma kwa wembe, polepole, tukasugua kwa msasa. Bodi tulikata kwenye ndoo iliyopasuka. Mkono wa kunyanyulia ni waya mwembamba uliokunjwa kama herufi A. Pini ikawa winchi, uzi wa cherehani ukawa kamba, shanga ikawa roda. (Shanga tuliombwa tuzirudishe. Bado hatujazirudisha.)

Tulijaza mchanga kwenye kiberiti, tukakining'iniza nyuma. Magurudumu ya mbele yakainuka juu! Scammell yenyewe ilifungwa vyuma vizito mbele kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulibandika nati chini ya bampa, likatulia.

Kisha tukaweka kiberiti kwenye matope na kulizuia lori kwa kidole. Tulipovuta moja kwa moja, uzi ulikaza sana. Tukafunga shanga kwenye kiberiti, tukapitisha uzi ndani yake, ncha tukairudisha na kuifunga kwenye lori. Sasa nyuzi mbili zinagawana mzigo. Kiberiti kilikuja kwa urahisi, ila polepole: ukivuta uzi sentimita 10, chenyewe kinasogea 5 tu. Winchi ya Scammell ilivuta tani 8. Kwa roda moja ingeweza kuvuta karibu 16, ukiondoa msuguano.

Mwisho tulikaza uzi hadi ukalia, tukaukata kwa wembe. Tulichora kwa chaki kila mahali ncha ilipoangukia, mara ishirini. Alama nyingi zilikuwa kwenye mstari wa uzi, mbele na nyuma, na nyingine pembeni. Hapo mtu asisimame kamwe, wala asiruke kamba iliyokazwa. Gunia lililoloweshwa, likitundikwa katikati ya kamba, huipunguzia ukali ikikatika.

Aliyekata uzi ni yule mzee. Ni mwanakisomo mwenzetu, na mkono umepona, ingawa haunyooki vizuri.

MASWALI

1. Mkono wa kunyanyulia wa mfano ni sentimita 4. Wa lori lenyewe ungekuwa sentimita ngapi?

2. Umevuta mita 30 za kamba kwa roda moja iliyofungwa kwenye gari lililokwama. Gari limesogea mita ngapi?

3. Chora barabara ya kijiji chako. Onyesha mahali magari hukwama, na mahali watu watasimama kamba ikikazwa.