Vespa ya Zamani: Nunua Bodi na Kadi, Injini Itatengenezeka

Mkazi wa Manundu, Korogwe, anayetamani pikipiki ya Kitaliano ya zamani yenye injini ndogo, kwa vitendo anatafuta Vespa. Ducati za silinda moja, Gilera na Moto Guzzi ndogo za miaka ya 1950 na 1960 zina wapenzi wake Ulaya, na spea zake ziko hukohuko. Vespa ni habari nyingine. Huko Unguja bado inabeba watu kila siku katika vichochoro vya Mji Mkongwe na kule Ng'ambo, na kwa kuwa inatumika, mafundi wake wapo na spea zake zinauzwa. Tanga mjini na Dar es Salaam nako hukosi kuikuta imeegeshwa barazani au imefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mzee fulani.

Wanunuzi wengi huipenda kwa rangi na mlio. Wanaikuta imepakwa rangi ya maziwa, kiti kimeshonwa upya, inawaka kwa kiki moja, basi wanatoa pesa. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Injini ya Vespa ni nyepesi kuitengeneza: inashuka kwa nati chache na fundi makini ataifungua juu ya meza. Bodi iliyooza na kadi ya usajili isiyokuwepo ndivyo vitu vinavyomaliza fedha na moyo wa mtu.

Kwa nini bodi? Piaggio wa Pontedera, Italia, walikuwa watengeneza ndege, na kiwanda chao kilipigwa mabomu wakati wa vita. Mwaka 1946 mhandisi wao wa ndege, Corradino D'Ascanio, alitoa Vespa iliyoundwa kwa mabati ya chuma yaliyokandamizwa na kuchomelewa, bila fremu ya mabomba. Ukiivua pikipiki ya Boxer tangi na mapambo yake, fremu inabaki imesimama. Vespa haina kitu cha kubaki. Sakafu unayokanyaga, kinga ya miguu na sehemu inayobeba kiti ni chuma kimoja, na kutu ikikila, umebaki na injini na magurudumu yasiyo na pa kushikia.

Nenda kuitazama mchana, na uende na sumaku ndogo, bisibisi na tochi. Inua mpira wa sakafuni. Muuzaji akikwambia umegundishwa, mwombe aubandue. Pitisha sumaku taratibu kuanzia kwenye kanyagio la breki kuelekea ukingoni, kisha kwenye kona ambapo sakafu inakutana na kinga ya miguu. Penye chuma inang'ang'ania. Ikilegea ghafla au ikianguka, chini ya rangi kuna puti. Lala chini umulike kwa tochi: upande wa chini una mihimili inayoimarisha sakafu, na ndiyo inayotangulia kuoza kwa sababu inakaa na tope. Ichokonoe kwa ncha ya bisibisi. Unga wa rangi ya kahawia ukidondoka, hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea, wala si ya kupaka rangi. Malizia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni na kutazama pale injini inapojishikiza na pale shokapu ya nyuma inapofungwa. Pikipiki iliyoishi Unguja, Pangani au Tanga imevuta hewa ya chumvi miaka mingi, kwa hiyo usione aibu kuchukua saa nzima.

Rangi mpya inayong'aa inanitia shaka kuliko rangi iliyochakaa. Wanunuzi wa Uingereza na Marekani waliagiza Vespa zilizorembwa Vietnam, zikawafikia zinapendeza, kumbe nyingine ziliungwa kutoka mabaki ya pikipiki mbili tofauti na kufunikwa puti. Chakavu inayoonyesha kasoro zake wazi ni rahisi kuipatia bei ya haki.

Ukiwa hapohapo ubavuni, tafuta namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye bodi upande wa injini, chini ya kifuniko. Namba ya injini iko kwenye mkono wa injini, karibu na shokapu ya nyuma. Kwa PX, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1977 na ambayo ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza, herufi za mwanzo kwenye bodi ni VNX1T kwa ya 125 ya mwanzo, VLX1T kwa ya 150 na VSX1T kwa ya 200. Injini zake huanza na VNX1M, VLX1M na VSX1M. Injini isiyolingana na bodi si dhambi, ila ilingane na kilichoandikwa kwenye kadi na ishushe bei.

Herufi hizo zitakusaidia pia kujua kama unauziwa ya Italia au ya India. Bajaj, kampuni ileile ya Boxer zilizojaa stendi zetu, ilikuwa ikitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960. Makubaliano yalipokwisha ikaendelea na skuta yake yenyewe, Chetak, kuanzia 1972. LML wa Kanpur nao walitoa skuta iliyo karibu sawa kabisa na PX. Lambretta ya Milano iliishia India vilevile, mitambo yake ikapelekwa Lucknow. Chetak au LML nzima ni chombo kizuri, na kwa matumizi ya kila siku ningeichagua kabla ya Vespa ya Italia iliyooza. Kosa ni kuilipia bei ya Kitaliano.

Kadi

Vespa nyingi za zamani zimeandikwa majina ya wazee waliokwisha kufariki. Mjukuu anaiuza kwa nia njema, lakini kisheria hana cha kukuuzia mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuiona barua ya usimamizi pamoja na kadi halisi, si nakala ya kwenye simu. Ukiambiwa kadi iko kwa mjomba Dar, malipo nayo yasubiri mjomba. Linganisha namba za kwenye kadi na zilizogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosuguliwa, au iliyogongwa upya kwa mistari isiyonyooka, ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, wewe na muuzaji muwe na TIN, kisha umiliki uhamishwe TRA mapema. Pikipiki yenye namba inayoanza na Z imesajiliwa Zanzibar. Kuivusha kuja Bara kunaweza kuwa na taratibu za forodha na usajili, kwa hiyo ulizia TRA gharama zote kabla hujalipa hata shilingi ya chombo chenyewe. Ukifikiria kuagiza kutoka Italia, mpe wakala wa forodha mwenye leseni mwaka wa kutengenezwa na bei, akupigie hesabu kwanza. Ushuru na usafiri vinaweza kukushinda. Bima na helmeti havikwepeki, na leseni ya udereva iwe ya daraja linaloendana na ukubwa wa injini yako.

Injini sasa

Ikute ya baridi. Gusa bloku kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameipasha kabla hujafika. Piga kiki taratibu kwa mkono: ikishuka bila kizuizi, huenda ringi zimekwisha. Ikiwaka itatoa moshi mwanzoni, ndiyo tabia ya injini ya mipigo miwili. Moshi mzito usiokoma, huku oili ya gia ikipungua, maana yake sili ya upande wa klachi imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Ukiachia mafuta na mlio ukakataa kushuka, huenda sili ya upande wa sumaku ya injini inavuta hewa. Usiiendeshe hivyo, itatoboa pistoni. Barabarani, jaribu gia ya pili kwa kuongeza mafuta ghafla. Ikiruka, kile chuma chenye umbo la msalaba kinachokamata gia kimelika. Yote haya yanatengenezeka. Yatumie kupunguza bei.

Ukishainunua Tanga, irudishe Korogwe juu ya pikapu. Ni kama kilomita 100 za barabara kuu yenye malori na mabasi, na breki zake za ngoma hujazifungua.

Mafundi wetu wa Manundu wamelelewa na Boxer na TVS, injini za mipigo minne zenye oili yake chini. Vespa nyingi za zamani hunywa oili iliyochanganywa na petroli. PX huchanganywa asilimia 2: mililita 20 kwa kila lita, mililita 100 kwa lita 5, mililita 160 kwa tangi lake la lita 8. Za mwanzo kabisa za miaka ya 1940 na 1950 zilihitaji asilimia 5. Tumia oili iliyoandikwa 2T, kamwe si ya injini ya gari. Chupa ya dawa yenye alama za mililita ikae kwenye boksi la mbele, na sheli ushuke mwenyewe umimine oili kwanza, ndipo petroli ifuate. Ukimwachia kijana wa sheli akajaza petroli tupu, pistoni itashika kabla hujaenda mbali. PX nyingine zina tangi tofauti la oili na kidirisha kidogo cha kioo. Muulize muuzaji kama mfumo huo bado unafanya kazi au ulizibwa, maana jibu lisilo sahihi hapo ni injini nzima. Baadhi ya Chetak na LML zilizotoka baadaye ni za mipigo minne, hizo hazichanganywi. Oili ya gia ni kitu kingine tena: mililita 250 za SAE 30 kwa PX.

Jambo ambalo dereva wa Boxer halijui ni mteremko. Ukitoka Lushoto kupitia Soni kushuka Mombo, mazoea ni kuachia mafuta na kuiacha gia izuie mwendo. Kwenye injini ya mipigo miwili, ukifunga mafuta umefunga na oili, huku pistoni inakimbia kavu na injini bado ni ya moto. Kila baada ya muda mfupi vuta klachi, fungua mafuta kidogo iungurume, kisha endelea. Breki zikianza kulegea kwa joto, simama upumzike. Hakuna wa kukukimbiza.

Kwa barabara za vumbi za Handeni na njia ya Magoma, osha wavu wa kichujio cha hewa kwa petroli mara kwa mara na upunguze mwendo kuliko wenye Boxer, kwa kuwa magurudumu ya inchi 10 yanatumbukia kwenye mashimo ambayo tairi kubwa linayaruka. Rimu zake ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Ukipata pancha, toa upepo wote kabla ya kugusa nati zinazoshikanisha vipande hivyo, na umwambie fundi wa pancha asiyeijua. Rimu iliyojaa upepo ikifunguka inaruka na inaweza kuua.

Kila unapoegesha, funga koki ya petroli. Ikiachwa wazi, petroli huvuja ndani ya injini na hata kuingia kwenye gia. Ikikaa masika yote bila kutumika, mwaga petroli ya kwenye kabureta. Siku ya kuirudisha barabarani toa plagi, dondoshea oili kidogo ya 2T kwenye tundu, sukuma kiki kwa mkono mara kadhaa mpaka izunguke bila kukwaruza, ndipo urudishe plagi, ufungue koki na kuiwasha.