Uzito wa Gololi katika Bunduki za Mchezo
Bunduki za mchezo, zilizoanzia Japani, hurusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6 hivi. Je, ifaayo ni nyepesi au nzito? Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Hivyo gololi ya gramu 0.20 irukayo mita 100 kwa sekunde ina jouli 1. Kwa nishati hiyo hiyo, ile ya gramu 0.25 huanza na mita 89 tu. Lakini kwa kuwa ukubwa wao ni mmoja, ukinzani wa hewa huipunguzia iliyo nzito kasi polepole zaidi, wala upepo hauipotoshi upesi. Kwa shabaha ya mbali, basi, nzito hufaa zaidi. Hata hivyo, zote zaweza kupofusha jicho. Miwani ya kinga ni lazima.