Umekanyaga Nyumba ya Watu

SOMO LA WIKI
Andiko la kusoma nyumbani: 1 Petro 2:4–5



Mwezi wa Agosti sisi viongozi wa ushirika za nyumbani tulienda Watamu kwa mafungo ya siku tatu. Maji yalipokupwa, nahodha akatupeleka kwa mashua hadi kwenye miamba iliyo ndani ya hifadhi ya bahari. Niliingia majini, nikachoka upesi, nikasimama juu ya kitu nilichodhani ni jiwe. Nahodha akaniita: "Pasta, shuka taratibu! Umekanyaga nyumba ya watu, na wenyewe wamo ndani."

Jiwe lile lilikuwa tumbawe, na tumbawe ni mnyama. Tena si mmoja, ni maelfu walioshikana. Kila mmoja, kwa aina nyingi, ana upana wa milimita chache tu: mfuko laini wenye mdomo, na mikono midogo ya kunasia chakula. Huchukua madini yaliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujenga chokaa ngumu chini yake. Yale ya mviringo mara nyingi hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Kwa hivyo ukiona lenye kimo cha mtu, lilianza kujengwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Miamba hii inachukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina za viumbe wa baharini wanaitegemea. Pweza anajificha kwenye mashimo yake. Samaki wadogo wakimwona mkubwa wanaingia katikati ya matawi yake.

Kuna pia kaa mdogo anayeishi kwenye matawi hayo. Akija kiti cha pweza mwenye miiba, ambaye hula matumbawe, kaa huyo hatoroki. Anamfinya kwa magando yake hadi yule mkubwa ageuke aende zake. Mgeni aliyehifadhiwa ndiye anayelinda nyumba.

Sasa niseme la kwangu. Nilisomea biashara, na jicho langu limezoea hesabu. Mwaka huu nilipendekeza tufunge ushirika mmoja wa watu saba, kwa sababu miezi kumi ilipita bila kuongezeka hata mtu mmoja. Kwenye ripoti niliandika kwamba hauna matunda. Sikuwa nimewahi kuketi nao hata jioni moja.

Niliporudi kutoka Watamu, nikaenda. Nilimkuta kijana aliyepoteza kazi, akashindwa kulipa kodi ya nyumba. Tangu Machi amekuwa akilala sebuleni kwa mama mwenye nyumba ile. Na mama huyo alipougua mwezi Juni, ni kijana huyo aliyempeleka hospitali, akakaa naye usiku na mchana. Kusema kweli, nilinyamaza. Nilikuwa nimehesabu viti tu. Ripoti ile nimeiondoa, nao nimewaomba msamaha.

Lakini tusijisahau, kwa maana nyumba hii huweza kufa. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa nguvu ya jua. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya pwani yetu yalipata joto kupita kiasi. Tumbawe likipata joto hilo huutoa mwani wake, likabaki jeupe. Jeupe si kufa: maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Mwaka ule joto lilidumu, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa. Mwamba uliokufa hubomoka polepole, na waliojificha humo wanakosa makao.

Mpendwa, katika ushirika wako yuko aliyeanza kufifia. Haimbi tena, hapokei simu. Usimwandike kwamba amekufa. Mtembelee wiki hii, kabla joto halijadumu.

Petro anatulinganisha na mawe yaliyo hai. Jiwe la namna hiyo nimelikanyaga kwa mguu wangu mwenyewe, na nilipopanda mashuani niliona tawi moja limevunjika.

Maswali ya ushirika:
1. Nani amepata makao kwa sababu yetu mwaka huu?
2. Ni nani tuliyemkanyaga tukidhani ni jiwe tu?
3. Tutamtembelea nani kabla ya Jumapili?